Nani Kasema Mti ni wa Muda?

Kuna neno moja tumelizoea kambini mpaka hatulisikii tena. Neno lenyewe ni "muda". Makazi ya muda. Choo cha muda. Darasa la muda. Na kwenye zile orodha ambazo wahudumu wa mashirika hupita nazo, vesti mwilini na kalamu mkononi, kanisa letu la miti na udongo nalo limeandikwa hivyohivyo: jengo la muda. Ukiuliza kwa nini, unatazamwa kama mtu aliyeuliza kwa nini usiku kuna giza. Si unaona ni la miti?

Mimi nasema hiyo siyo sababu. Na nasema neno hilo limetudanganya sote, aliyeliandika na aliyeandikiwa.

Ugomvi wangu ni na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni hao wenye vesti. Wa pili ni sisi wenyewe, tunaosema kila mwaka kwenye mavuno ya kanisa: "Siku tukipata saruji ndipo tutajenga kanisa la kweli." Pande zote mbili zinaamini jambo moja, kwamba jiwe na saruji vina historia, lakini mti hauna. Basi twende Uingereza, hukohuko ambako Anglikana ilitoka, tukaone kama jambo hilo ni kweli.

Karibu na mji mdogo wa Chipping Ongar, katika eneo la Essex, kaskazini-mashariki ya London, kuna kanisa la Mtakatifu Andrea la Greensted. Ni kanisa dogo la kijiji. Kuta za ukumbi wanaokaa waumini ni magogo ya mwaloni, mti mgumu wa Ulaya. Yalipasuliwa katikati kwa urefu, yakasimamishwa wima bega kwa bega, upande wa mviringo ukitazama nje, upande bapa ukitazama ndani. Ubavu wa kila gogo ulichongwa mfereji, na kati ya gogo na gogo ukachomekwa ulimi mwembamba wa mbao ili upepo na mvua visipite. Mtu wa kambini akiona picha yake kwa mara ya kwanza atasema: huu si ukuta wa kwetu? Miti imesimama, mmoja pembeni ya mwingine. Tofauti ni kwamba sisi tunaziba nafasi kwa udongo, wao waliziba kwa ulimi wa mbao.

Sasa hebu tuulize umri wake. Zamani watu walisema magogo yale ni ya mwaka 845. Miaka ya 1990 wataalamu wakahesabu pete za ule mwaloni, maana kila mwaka mti huongeza pete moja, wakapata kwamba miti ilikatwa kati ya 1063 na 1108 hivi. Umri wa kanisa ukapungua miaka mia mbili na zaidi kwa siku moja! Lakini angalia kilichobaki: zaidi ya miaka 900. Magogo yale yalikatwa karibu na wakati uleule ambapo maandishi ya msikiti wa Kizimkazi kule Zanzibar, ya mwaka 1107, yalichongwa kwenye jiwe. Lile la jiwe tunaliita la kale bila ubishi. Hili la miti je, tuliite la muda?

Mtu atasema: aa, mwaloni ni mgumu, si kama miti yetu. Na huko hakuna mchwa. Ni kweli, Uingereza haina mchwa wa kwetu, na sitaki kumdanganya mtu kwamba mlingoti wa mkaratusi uliokatwa juzi una nguvu ya mwaloni. Lakini usikimbilie kufunga mazungumzo hapo, kwa sababu mwaloni nao uliliwa. Uliliwa pale palepale unapoliwa mti wetu: mguuni, pale mti unapokutana na udongo wenye unyevu.

Kufikia karne ya 19 miguu ya magogo ya Greensted ilikuwa imeoza. Mwaka 1848 wakaanza kulitengeneza. Hawakusema, "Ni la miti, muda wake umekwisha, bomoeni." Walikata sehemu iliyooza, wakajenga chini yake ukuta mfupi wa matofali, wakalaza boriti juu ya matofali, wakayarudisha magogo yaleyale yasimame hapo. Ndiyo maana leo ukilitazama kwa nje unaona matofali kidogo chini, kisha mti. Dawa yenyewe haikuwa kubwa: ni kuutoa mti kwenye maji.

Na hiyo haikuwa mara ya kwanza kanisa lile kuguswa. Sehemu ya madhabahu ni ya matofali, ilijengwa karibu na mwaka 1500, kwa hiyo iliongezwa zaidi ya miaka mia tatu kabla ya ile kazi ya miguu. Paa lilibadilishwa. Madirisha yalitobolewa juu kwenye paa, kwa sababu ukuta wa magogo hauna nafasi ya madirisha. Mnara ni wa mbao zilizopigwa misumari na kupakwa rangi nyeupe, na ndani yake kuna kengele yenye mwaka 1618. Hata dini iliyosaliwa humo ilibadilika: watu waliosimamisha magogo walikuwa chini ya Papa, na Kanisa la Uingereza lilipojitenga na Roma katika karne ya 16, jengo likaendelea kutumika, likawa la Anglikana bila kuhama hata hatua moja.

Kwa hiyo tukisema "kanisa lenye miaka 900", hatusemi kitu kilichojengwa siku moja kikaachwa. Tunasema kitu kilichorekebishwa mara nyingi na watu wasiojuana, kila kizazi kikibandika kiraka chake. Hicho ndicho nataka wenye vesti wakisikie, na sisi pia tukisikie. Kilichodumisha Greensted si ugumu wa mwaloni peke yake. Ni kwamba kila palipooza, palikuwa na mtu mwenye ruhusa ya kupatengeneza.

Ruhusa. Narudia neno hilo maana ndilo mzizi wa kesi hii. Katika kambi nyingi za ukanda huu kanuni ni moja: usijenge kwa vifaa vya kudumu. Tofali la kuchoma, hapana. Msingi wa mawe, hapana. Halafu jengo likiinama baada ya misimu mitatu ya mvua, linapigwa picha, na chini ya picha panaandikwa kwamba majengo ya wakimbizi hayadumu. Jamani! Umemfunga mtu miguu, kisha unaandika ripoti kwamba hajui kukimbia. Umuda haumo ndani ya mti. Umo ndani ya amri.

Tena muda wenyewe ni muda gani? Kakuma ilifunguliwa 1992. Dzaleka, 1994. Nyarugusu, 1996. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ule ilipofunguliwa leo ni mtu mzima, na wengi wa rika lake wana watoto. Amebatizwa katika jengo la muda, amefunga ndoa katika jengo la muda, na mazishi ya mama yake yalisomewa sala katika jengo la muda. Hiyo ni maisha nzima, ndugu yangu. Ikiwa maisha nzima ni "muda", basi na kanisa kuu la Canterbury ni la muda, tofauti ni namba tu.

Sasa niwageukie wa nyumbani. Sisi tunaodharau kanisa letu wenyewe. Tunasema mabati na saruji ndiyo heshima ya Mungu. Nani alitufundisha hivyo? Tazama Namirembe, kile kilima cha Kampala ambacho Waanglikana wengi wa maziwa makuu wanakiona kama mama yao. Kanisa mojawapo la mwanzo pale lilikuwa la miti, matete na nyasi, lilifunguliwa 1892, na mwaka 1894 dhoruba ikaliangusha. Jingine likajengwa tena kwa vifaa hivyohivyo, nalo halikukaa. Lililofuata likawa la matofali kabisa, na paa la nyasi. Watu wakasema sasa tumepona. Mwaka 1910 likapigwa radi, likaungua. Hili linaloonekana leo likakamilika 1919.

Wapo wanaoisimulia habari hiyo kama ngazi ya maendeleo: kutoka nyasi kwenda tofali, kutoka ushamba kwenda ustaarabu. Mimi naisoma tofauti. Ndani ya lile la matete ndimo Biblia ilimosomwa na watu waliokuja kutembea kwa miguu mpaka misitu ya Kongo kuhubiri. Mmoja wao ni Apolo Kivebulaya, aliyefika Boga mwaka 1896, kabla mpaka haujawekwa vizuri na Boga ikajikuta upande wa Kongo. Kanisa la Anglikana la Kongo lilianzia kwake, na alipofariki 1933 alizikwa hukohuko Boga. Hakuja na saruji kichwani. Alikuja na Kitabu, na kanisa lilikuwa la miti na majani ya pale alipo. Leo watu wa Ituri wengi ni wakimbizi Uganda, wanasali chini ya turubai na miti, na wengine wanaona aibu kama vile wameshuka daraja. Mmeshuka wapi? Mmerudi mlangoni kwa babu yenu.

Kuna jambo jingine la Greensted ambalo sisi wakimbizi ndio tunaopaswa kulijua kuliko watu wote.

Kwanza ni habari ya mfalme Edmund, aliyeuawa na Wadenmark mwaka 869 na baadaye akahesabiwa mtakatifu. Mwaka 1010 vita vikarudi, na walinzi wa maiti yake wakakimbia nayo hadi London. Mwaka 1013 wakairudisha nyumbani, na mapokeo yanasema njiani walilala nayo Greensted, katika kanisa la miti. Mtasema: mbona magogo ya leo ni ya baada ya 1063? Ndiyo. Kwa hiyo kama mapokeo ni kweli, lilikuwa jengo jingine la miti lililotangulia, na kweli wachimbaji wamekuta chini ya sakafu ya madhabahu dalili za majengo ya miti ya zamani zaidi. Jengo liliondoka, kumbukumbu ya mahali ikabaki. Maiti iliyokimbizwa vita ililala hapa. Watu wa Greensted wanaisimulia mpaka leo kama heshima ya kijiji chao. Sisi tuna maiti ngapi zilizolala katika makanisa yetu ya miti, na nani ameandika hata moja?

Pili ni habari ya wale wafanyakazi sita wa mashamba wa kijiji cha Tolpuddle. Mwaka 1834 walihukumiwa miaka 7 ya kupelekwa Australia kwa sababu waliapa kiapo cha chama cha wafanyakazi, wakidai mshahara usipunguzwe. Watu wakaandamana kuwatetea, na mwaka 1836 wakasamehewa. Waliporudi, watetezi wao walichanga fedha, wakawakodishia mashamba Essex, moja likiwa hapohapo Greensted. Na mwaka 1839 mmoja wao, James Brine, akafunga ndoa na Elizabeth Standfield, binti wa mwenzake, katika kanisa lile la magogo.

Hebu fikiri. Mtu aliyefukuzwa nchini mwake kwa meli, akarudishwa, akapewa ardhi ya kukodi mahali pasipo kwao, akasimama mbele ya kuta za miti akaoa. Hiyo si habari ya Waingereza tu. Hiyo ni Jumamosi yoyote ya kwetu.

Na hapa ndipo napata jibu kwa hoja nzito kuliko zote za wapinzani wangu. Wanasema, na wengine wanasema kwa nia njema: mkiruhusiwa kujenga vya kudumu, hamtarudi kwenu. Serikali ya nchi mwenyeji inaogopa kwamba tofali ni mzizi. Naelewa hofu hiyo. Nchi hizi zimetupokea wakati nyingine za mbali zilifunga milango, na mgeni mwenye adabu hapandi mwembe uani kwa mwenyeji bila kuuliza.

Lakini tazama wale wa Tolpuddle. Walikuwa na shamba, na kanisa lililokwisha kudumu karne saba na zaidi. Je, walibaki? Hawakubaki. Katika miaka ya 1840 watano kati ya sita walihamia Kanada na jamaa zao, Brine na mkewe wakiwemo, na wa sita akaishi kijijini kwao Tolpuddle. Jengo halikumshika mtu shati. Lilimhifadhi alipokuwepo, likamwacha aende, likabaki likitumikia wengine. Mtu anarudi kwao kwa sababu kwao kuna amani, na habaki ugenini kwa sababu nguzo ya kanisa imewekewa tofali tatu chini. Anayedhani wakimbizi wa Kivu wanazuiwa kurudi na msingi wa kanisa, hajasikiliza habari za Kivu.

Hoja ya pili ni ya misitu. Hii ni ya haki na sitaikwepa. Milima iliyozunguka kambi nyingi imekuwa mipara, na wenyeji wanatulaumu, wala hawakosei. Lakini hesabu vizuri. Kanisa linalojengwa upya kila baada ya miaka michache, kwa kuwa miguu ya nguzo imechimbiwa ardhini ikaoza, linakula miti mingapi katika miaka 30? Na kanisa moja lililoinuliwa juu ya matofali, paa lake likatokeza vizuri nje ya ukuta, nguzo mbovu ikabadilishwa peke yake, linakula mingapi? Amri ya kujenga vya muda ndiyo inayokata msitu mara tano. Anayependa miti kweli, aturuhusu kuitunza ile tuliyokwisha kukata.

Kwa hiyo nadai nini? Sidai kanisa kuu. Sidai mnara. Nadai mambo matatu madogo, mawili kwa wenye vesti na moja kwetu.

Kwa wenye vesti: mtofautishe kujenga na kukarabati. Kama ni lazima mkataze ukuta wa matofali, katazeni, lakini ruhusuni safu mbili tatu za matofali au mawe chini ya miti. Ule ni mguu tu. Ni kiatu cha mti. Greensted ilivalishwa kiatu ikaendelea kutembea. La pili, futeni lile neno kwenye orodha zenu. Andikeni "kanisa la miti", andikeni mwaka liliposimamishwa, andikeni ni watu wangapi hukaa ndani. Hizo ni habari. "La muda" siyo habari, ni hukumu, tena hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza mshtakiwa.

Kwetu sisi: tuandike. Kila kanisa la miti humu kambini lina historia, na historia hiyo inakufa na wazee. Nani alikata nguzo ya kwanza, aliibeba kutoka wapi? Ni mama gani walikanda udongo, wakiimba nini? Paa liliezuliwa na upepo mwaka gani, na nani alipanda juu? Kengele ile, ambayo kweli ni rimu ya gari iliyoning'inizwa, ilitoka wapi? Mchukueni kijana mmoja wa sekondari, mpeni daftari la shilingi chache, azunguke kwa wazee wa kanisa mwezi mmoja. Daftari hilo litunzwe kwa baba mchungaji pamoja na kitabu cha ubatizo. Na nguzo inapobadilishwa, iandikwe: nguzo ya tatu kushoto, tarehe fulani, fundi fulani. Waingereza waligundua umri wa kanisa lao kwa kuhesabu pete za mti kwa sababu waliojenga hawakuandika. Sisi tunajua kuandika. Tuna udhuru gani?

Na tuache kusali "kwa muda". Mwashi mwenye saruji akija kesho, karibu, hatumfukuzi. Lakini kanisa la kweli si lile litakalojengwa siku fulani. Ni hili lenye ufa upande wa mashariki, ambao bado hakuna aliyekuja kuuziba, na udongo uko bure hapo nje.